Giza la Upande wa Kushoto

Bugolobi, Kampala
14 Machi 2010

Ndugu yangu Santo,

Salamu nyingi. Natumaini Juba imekupokea vizuri na vumbi lake halijakumaliza mapafu. Simu yako ya Jumapili ilikatika kabla sijasema neno la maana, kwa hiyo nimeamua kuandika. Barua hii nimeifunga pamoja na flashi, nimemkabidhi kondakta wa basi. Faili ni kubwa mno kwa modemu yetu, ambayo hata picha ya harusi huipakia kwa manung'uniko.

Santo, ile programu yako ya mwanga uliyotuachia ofisini inanitia wazimu. Unajua nilivyokuwa nikiisifia kwa kila mteja: tunaichora nyumba kwenye kompyuta, programu inarusha miale ya jua dirishani, inatuambia kila meza itapata mwanga kiasi gani kabla hata tofali la kwanza halijalazwa. Ndivyo tulivyofanya kwa karakana ya kushonea ya wajane wa askari, pale Katwe. Ilituambia akina mama wataweza kutia uzi kwenye sindano mchana kutwa bila taa. Tukajenga. Wakahamia mwezi uliopita kwa vigelegele.

Sasa mama yako anasema ukumbi huo una giza.

Nilikwenda mwenyewe. Mama Aol alinishika mkono akanionyesha: "Binti yangu, hapa upande wa kushoto mimi sioni kitu. Kitambaa cheusi nakata kwa kubahatisha." Wenzake walitikisa kichwa kukubali. Yeye ndiye mwenyekiti wao, na wewe unamjua mama yako akisema jambo.

Nikarudi ofisini nikairudisha hesabu ileile. Jibu likaja tofauti na la kwanza. Nikairudia tena, likaja la tatu. Bosi wetu Bwana Okinyi alisimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai, akasema, "Vera, mashine isiyokumbuka iliyoyasema jana nitaipelekaje mbele ya wafadhili?" Wafadhili wanangoja neno letu ndipo wakubali jengo la pili, lile la kufundishia wasichana. Akisema ukumbi una giza, basi hilo halijengwi.

Nimeitafuta mita ya mwanga kabatini nikapime ukumbi wenyewe, sikuiona. Je, ulisafiri nayo?

Mama ni mzima, anakusalimu. Nisaidie.

Dada yako,
Vera Nabangala


Juba
2 Aprili 2010

Afande Vera,

Barua na flashi vimefika. Kondakta wako alitaka chai kwanza ndipo avitoe. Nikampa.

Usiogope majibu yanayobadilika. Huo si wazimu, ni bahati nasibu. Programu hairushi miale yote ya jua, ingechukua mwaka. Inarusha michache kwa kubahatisha halafu inakisia mingine. Ni kama mama anayerushia kuku mahindi gizani: akirusha kiganja kimoja, pengine kuku huyu anapata na yule anakosa. Akirusha gunia, wote wanapata. Wewe umerusha kiganja. Ongeza miale mara kumi, umwachie kompyuta siku nzima, usimguse.

Jambo la pili. Nimeifungua michoro yako. Vituo vya kupimia mwanga umeviweka kwenye kimo kilekile cha uso wa meza. Sawasawa kabisa. Vingine kompyuta inadhani viko juu ya mbao, vingine inadhani viko ndani ya mbao. Ndani ya mbao hakuna jua, dada yangu. Viinue kidogo, upana wa kidole unatosha.

Mita ninayo mimi. Nilidhani ofisi ina nyingine. Hapa naitumia kila siku kwenye jengo la wizara, na kusema kweli bado huihitaji. Kwanza safisha hesabu. Ukipima nyumba kabla ya kusafisha hesabu, utapata namba mbili zinazogombana na hutajua ipi ya kupiga.

Mama nilimpigia. Anasema yuko salama, anakula, anasali. Kuhusu giza hakuniambia kitu. Lakini kama amekwambia wewe, ni kweli. Mama yangu alitulea kambini kwa kushonea polisi suruali, chumba kimoja, dirisha moja dogo kama bahasha. Hajawahi kulalamika. Akilalamika leo, nyumba ina kosa.

Santo


Bugolobi
25 Aprili 2010

Ndugu Santo,

Asante sana, daktari wa mahindi. Nimerusha gunia. Umeme ulikatika mara mbili nikaanza upya, lakini jibu sasa ni moja, leo na kesho. Na vituo nimeviinua. Yale madoa meusi yaliyokuwa yametapakaa mezani kama ndui yametoweka.

Basi kompyuta imetulia, na inasema ukumbi una mwanga. Mama Aol naye ametulia, na anasema ukumbi una giza.

Nilikwenda kumtembelea nyumbani kwake Kalerwe Jumapili baada ya misa. Alikuwa amenipikia malakwang, zile mboga zenu chachu za karanga, na viazi, amekumbuka kwamba sili nyama ya mbuzi. Nilimuuliza kwa upole: Mama, giza lenyewe likoje? Akasema, "Si giza ya usiku. Ni kama mutu amesimama kando yako anakuzibia." Wiki iliyopita alishona mfuko wa sare ya polisi ukaenda upande, ikabidi Zulaika aufumue. Aliona haya sana. Unamkumbuka Zulaika, mjane wa sajenti, yule mwembamba anayecheka kwa sauti? Ndiye anayekaa jirani naye.

Nimemhamisha Mama meza. Nimempeleka karibu na mlango, ambako kwa hesabu zetu ndiko kwenye mwanga mwingi kuliko kote. Tuone.

Kitu kimoja kinanisumbua: hesabu zetu zote tulizifanya kwa anga la mawingu, bila jua lenyewe. Pengine tatizo linatokea saa fulani, jua likiwa upande fulani. Unaweza kunitengenezea mipangilio ya saa kwa saa?

Vera


Juba
16 Mei 2010

Afande,

Umewaza vizuri. Nimekutengenezea faili ya saa kwa saa, iko kwenye flashi. Ina jua, ina mahali Kampala ilipo, ina tarehe. Weka tu, bonyeza, ngoja.

Kazi hapa ni nyingi. Watu wanangoja kura ya uhuru ya mwakani, kila mtu anataka ofisi yake iishe kabla. Nalala kwenye kontena. Mama usimwambie.

Alinipigia juzi akauliza kama kweli ile nyumba nimeichora mimi. Nikasema, hesabu ya madirisha ni yangu. Halafu akasema, "Ni nyumba nzuri, mtoto yangu." Vera, alikuwa ananifariji. Mama yangu ananifariji kwa nyumba mbaya niliyomjengea. Nilikata simu nikakaa chini.

Tafuta hilo kosa. Liko mahali.

Santo


Bugolobi
20 Juni 2010

Ndugu yangu Santo,

Nina kisa, na utacheka, na ukimaliza kucheka utanuna.

Niliweka faili yako nikaiendesha. Majibu yalipotoka nilikaribia kupiga kelele. Saa nne asubuhi, ukumbi mzima giza! Nikasema, ndiyo hii sasa, kompyuta imekubaliana na Mama. Nikachapisha, nikakimbia kwa Bwana Okinyi. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akatazama nje dirishani ambako jua lilikuwa linachoma mabati ya Bugolobi yote.

"Vera," akasema, "saa nne asubuhi giza totoro? Kwani hilo jua ni la nchi gani?"

Ni la Atlantiki, Santo. Ile programu ya msingi uliyojengea yako huhesabu nyuzi za magharibi kuwa chanya na za mashariki kuwa hasi. Wewe uliandika thelathini na mbili bila alama ya kutoa. Umeichukua Kampala na vilima vyake vyote ukaitosa katikati ya bahari, huku saa ya ukutani umeiacha Afrika Mashariki. Sisi tunakunywa chai ya saa nne, kule jua halijachomoza.

Nimeweka alama ya kutoa. Sasa kila kitu kinakwenda sawa: hata jua la adhuhuri linasimama kichwani karibu saa saba, kama linavyofanya hapa kwa kweli na hata kwetu Bungoma. Na ukumbi una mwanga asubuhi, mchana na alasiri.

Lakini kwa Mama mambo si mazuri. Amejikwaa kwenye pasi ya mkaa iliyokuwa sakafuni kando ya meza yake, ameungua mkono. Si sana, tulimpaka dawa. Zulaika alimwambia, "Mwenzangu, pasi yote hii hukuiona?" Mama akasema, "Katika giza hii nani ataona?" Nimeandika kisa hiki kwenye ripoti kama ushahidi kwamba ukumbi si salama.

Na jambo la ajabu. Pale mlangoni nilikomhamishia, anasema giza liko upande wa kushoto. Nikamgeuzia meza, atazame ukutani. Akasema bado liko kushoto. Ushahidi wake unayumba kama majibu yetu ya mwanzo, sijui niuandike vipi. Nitumie mita, tafadhali. Siwezi kuendelea kubishana na mama wa watu kwa kutumia kompyuta.

Vera


Juba
11 Julai 2010

Vera,

Nimecheka kidogo. Nimenuna sana.

Alama ya kutoa ni kosa langu, nakubali. Bwana Okinyi amefurahi, bila shaka. Lakini usidhani sasa tumefika. Sisi tumemwambia kompyuta kwamba vioo ni safi na kuta ni nyeupe. Je, umesahau ukumbi uko wapi? Katwe, dada yangu. Kushoto wanachomelea mageti, kulia wanafua sufuria, moshi na vumbi la chuma siku sita kwa wiki. Kuta zile baada ya miezi mitano zina rangi gani? Kompyuta haijui moshi wa Katwe. Mama yangu anaujua.

Ndiyo maana giza linahama. Linafuata uchafu, linafuata kivuli cha watu. Usimwandike mama yangu kwamba anayumba. Yeye ndiye kipimo cha kweli kuliko sisi wote.

Tutafanya hivi. Mwambie fundi Abubaker atoe mabati manne upande wa kushoto juu ya meza ya Mama, aweke yale ya plastiki yanayopitisha mwanga. Mchoro uko kwenye flashi. Mambo yatakwisha.

Mita bado naitumia. Mwezi ujao.

Santo


Bugolobi
29 Agosti 2010

Santo,

Tumefanya ulivyosema, na Mama nimemrudisha kwenye meza yake ya zamani kando ya Zulaika. Abubaker alipanda juu akiwa na wasiwasi. Alinitazama kutoka kwenye paa akasema, "Madam, mimi nafungua bati leo leo, lakini mvua ikikuja musinitafute." Mvua ilikuja. Inavuja mahali pawili, ameziba mahali pamoja tu.

Vioo na kuta tulivifuta siku hiyohiyo. Vitambaa vilitoka vyeusi, kwa hiyo ulisema kweli, na hesabu mpya nimeifanya kwa kuta za kijivu. Mwanga umepungua kidogo kwenye kompyuta. Kidogo tu.

Sasa nisikilize. Jana nilikaa nao ukumbini asubuhi nzima. Jua lilishuka kupitia ile plastiki likaangukia upande wa kushoto kama maji ya ndoo. Zulaika aliweka mkono juu ya macho. Akasema mbele ya wote, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpinga Mama: "Mimi naomba radhi kwa mwenyekiti. Hapa hakuna giza. Sindano inang'aa mpaka machozi yananitoka."

Cherehani zote zilisimama.

Mama akasema, polepole, "Zulaika, wewe ni mtoto mdogo." Akaendelea kushona. Nilisogea kumtazama. Mshono ulikuwa umetoka kwenye mstari, umepita pembeni, unakwenda zake.

Wanawake wawili, benchi moja, saa moja. Mmoja anasema mwanga unamuumiza, mwingine anasema ni giza. Mimi si mjinga, Santo, ila sielewi, na nimechoka kukisia. Bwana Okinyi ametoa neno: mwisho wa Septemba anawaandikia wafadhili kwamba ukumbi umeshindikana na jengo la pili lisitishwe.

Mita hiyo si ya wizara ya Juba. Ni ya ofisi. Itume.

Vera


Juba
19 Septemba 2010

Vera,

Mita hii hapa. Betri ni mpya.

Nilipaswa kuituma tangu Aprili. Kila nilipoishika niliona itakachosema: kwamba programu yangu ni uongo na mama yangu anashona gizani kwa sababu yangu. Pima. Ukishajua, niandikie kwa maneno machache.

Santo


Bugolobi
10 Oktoba 2010

Ndugu yangu Santo,

Umeomba maneno machache, nisamehe, hayatakuwa machache. Kaa kwanza.

Nilipima ukumbi Jumatatu, meza kwa meza, nikapima tena Jumatano. Programu yako ni sahihi. Tofauti kati yake na mita ni ndogo, ile ambayo vitabu vyote vinasema ni ya kawaida. Hata kabla ya kuweka plastiki, ukumbi ulikuwa na mwanga wa kutosha. Ulikuwa nao tangu siku ile ya vigelegele.

Meza ya Mama Aol, upande wa kushoto, sasa ndiyo yenye mwanga mkali kuliko zote. Nilisimama hapo, kando yake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Nikamwambia, "Mama, shika hiki kidude uone kinavyosoma." Akanyoosha mkono, lakini aliunyoosha kuelekea sauti yangu, ukapita hewani karibu na tumbo langu. Mita ilikuwa mbele yake kushoto, inang'aa. Hakuiona. Nikaisogeza taratibu. Hakuiona. Nikaisogeza mpaka ikafika mbele ya pua yake kabisa, ndipo akasema, "Aa, kumbe ni kadogo hivi."

Zulaika naye alikuwa ameona. Tulitazamana juu ya kichwa cha mama yako.

Kesho yake tulimpeleka kwa daktari wa macho. Hakutaka. Alisema ana sare za kumaliza. Zulaika alimfungia cherehani akaficha ufunguo kifuani.

Ni presha ya macho. Daktari alieleza kwamba haiumi, haiwashi, inakula pembeni kwanza, polepole, na mtu anaendelea kuona mbele kama kawaida, akidhani ni nyumba zilizo na giza. Jicho la kushoto limekwisha karibu lote. La kulia limebaki na tundu la katikati. Nikamuuliza kama itarudi. Akasema iliyokwenda hairudi, kuna dawa ya matone ya kulinda iliyobaki. Nikamuuliza swali ambalo sasa natamani nisingeuliza: je, kama tungemleta mwezi wa tatu? Alikuwa kijana mstaarabu, alitazama karatasi zake kwanza. Akasema, "Mwezi wa tatu angekuwa na mengi zaidi ya kulinda."

Nimezitoa barua zako na nakala za zangu nikazisoma. Kila kitu kimo. Mfuko uliokwenda upande. Pasi ya mkaa. "Kama mutu amesimama kando yako." Nilimgeuzia meza na giza likageuka naye, nikaandika kwamba ushahidi unayumba! Niliandika hivyo kwa mkono wangu, nikafunga bahasha.

Wafadhili wamekubali jengo la pili. Bwana Okinyi alinipa habari hiyo kwa furaha, akashangaa naenda kulia chooni.

Daktari amesema watoto wa Mama lazima wapimwe. Ugonjwa huu hufuata damu. Hilo lisome mara mbili.

Vera


Juba
31 Oktoba 2010

Vera,

Nimesoma.

Mkono wangu haukubali kuandika mengi. Mimi ndiye niliyesema yeye ni kipimo. Wewe uliniomba mita mara ngapi? Na mabati yale ya plastiki, nilimwekea kipofu dirisha juu ya kichwa nikadhani nimemsaidia.

Sitakuja Krismasi. Sijui nitamwambia nini. Nitatuma dawa kwa basi, niandikie jina lake kamili. Wewe mtunze.

Kupimwa nitapimwa siku nyingine. Sasa sina haki ya kushughulikia macho yangu.

Santo


Bugolobi
14 Novemba 2010

Ndugu Santo,

Jina la dawa nimeliandika nyuma ya karatasi hii. Lakini dawa hiyo hata hapa Kampala, Wandegeya, ipo, haihitaji kupanda basi.

Huna haki ya kuniachia mama yako kana kwamba ni faili. Barua yako nilimsomea. Aliniuliza umeandika nini, na mimi sikuwa tayari kumficha mtu huyu kitu kingine chochote. Nilipofika pale pa Krismasi, aliniambia nikomee hapo. Halafu akasema anataka kuandika yeye. Ameongea, nimeandika vilevile, sikunyoosha neno. Nimeifunga pamoja na yangu.

Vera


Kalerwe
14 Novemba 2010

Mtoto yangu Santo,

Mimi ni mama yako Aol. Vera anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asipange maneno yangu, aache vile iko.

Nimesikia barua yako. Unasema ni wewe. Vera anasema ni yeye. Zulaika hata yeye amelia hapa, anasema angesema mapema. Nyinyi wote munagombania hii kitu kama posho. Sasa musikie mwenye macho.

Mimi nilijua. Si jina ya ugonjwa, hapana. Lakini mwaka jana, kabla ya nyumba, nilikuwa nagonga mlango na bega. Kwa soko watu walikuwa wananisalimia kutoka kando, napita bila kujibu, wanasema mama Santo siku hizi ana maringo. Nikasema ni chumba yangu, ina giza. Nikasema ni kanisa, ina giza. Sasa mukatujengea nyumba na madirisha makubwa hivi, na wewe mwenyewe ndiye ulihesabu. Nikafurahi sana. Nikasema, huko nitaona.

Siku ya kwanza nikaingia, nikakaa kwa mashine, na ile kitu ilikuwa imekaa hapo kushoto, inaningoja.

Santo, niliogopa. Mujane wa polisi haogopi vita, haogopi njaa, lakini siku hiyo niliogopa kama mtoto. Ndiyo nikaita Vera. Nikamwambia nyumba ina giza. Na kila mara alikuja na karatasi zake, nikamwambia tena nyumba ina giza. Nilikuwa naomba Mungu mupate kosa. Nilitaka nyumba ndiyo ikosee. Nyumba mutu anaweza kutengeneza.

Kwa hiyo wacha kusema umeniharibu. Ulikuwa unatafuta pale nilikutuma.

Sare sishoni tena. Hiyo inaniuma, sitakudanganya. Asubuhi mikono inaamka saa ile ya zamani, inatafuta kitambaa. Wenzangu wamekataa niwache uenyekiti, lakini najua ni huruma.

Unasema huna haki ya kupima macho. Hiyo ni maneno ya mutu ameshiba. Kwa damu yangu hiyo kitu imo, na kwako inaweza kuwa imekaa kimya tu. Utakuja hapa, na Vera atakupeleka kwa huyo daktari, na nitakuwa nakaa nje kwa benchi mpaka utoke. Hiyo siyo kukuomba.

Lakini hii nyingine nakuomba. Ukija, usisimame kwa mlango, usikae kando yangu, nitasikia sauti tu. Lete kiti uweke mbele yangu, karibu, katikati kabisa. Hapo kuna tundu kidogo bado imebaki, kama ya kitasa. Daktari anasema dawa itailinda, lakini hakuapa.

Uso wako unaenea hapo. Kuja wakati bado unaenea.

Mimi mama yako,
Aol